Vichekesho vya Runinga Vina Milango: Uingilie Wapi, Utokee Wapi

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu kaambiwa na shemeji yake kwamba The Office inavunja mbavu. Anafungua msimu wa kwanza, sehemu ya kwanza, kama mwanafunzi mtiifu anayeanza kitabu ukurasa wa 1. Dakika ya kumi na tano anaangalia saa. Dakika ya ishirini kahamia kwenye mpira, na shemeji kashaingizwa kwenye orodha ya watu wasiojua kinachochekesha. Masikini, shemeji hana kosa. Kilichokosewa ni mlango.

Tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani haisomwi kama riwaya. Mwanzoni hata wanaoitengeneza hawajajua nani kati ya waigizaji wao ndiye mchekeshaji. Wanaonja chumvi huku wateja wameshakaa mezani. Ndiyo maana ina mahali pa kuingilia. Na kwa kuwa hakuna kituo cha televisheni kinachochinja ng'ombe anayekamuliwa, ina mahali pa kutokea vilevile, tena kabla ng'ombe hajaanza kukamuliwa maji.

Tuanze na hiyo hiyo The Office ya Marekani, ya 2005 hadi 2013. Ina sehemu 201, na msimu wa kwanza ni sehemu 6 tu. Ya kwanza imenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka ile ya Uingereza ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, na ugonjwa wote umeingilia hapo. Bosi wa Kiingereza, David Brent, anakera kama mchanga kwenye wali. Lakini Waingereza walipika sahani 12 tu, wakaongeza ya Krismasi, wakafunga jiko. Mchanga wa sahani kumi na mbili unavumilika. Wa sahani mia mbili na moja unang'oa meno. Waandishi wa Marekani waliligundua hilo, na msimu wa pili wakamlainisha bosi wao, Michael Scott. Akaacha kuwa mkorofi mtupu, akawa mtu mpweke anayetaka kupendwa na wafanyakazi wanaotaka tu kuuza karatasi na kwenda nyumbani. Hata zile nywele zilizolazwa kwa mafuta zilibadilishwa.

Kwa hiyo ingia hivi: tazama sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, inayoitwa "Diversity Day". Ni ya kwanza kuandikwa na Wamarekani bila kuchungulia daftari la Waingereza, na ndani yake bosi anaamua kuwafundisha wenzake kuheshimu makabila ya watu kwa njia inayoyatukana yote. Kisha rukia msimu wa pili, uende moja kwa moja. Toka karibu na mwisho wa msimu wa saba, Steve Carell anayemwigiza Michael anapoaga, halafu rudi kutazama sehemu ya mwisho kabisa ya 2013. Misimu miwili ya katikati ni kama harusi ambayo bwana harusi ameondoka na MC bado ana maikrofoni.

Parks and Recreation ilikuwa na homa hiyo hiyo, na si ajabu, maana Greg Daniels aliyeileta The Office Marekani ndiye aliyeianzisha pamoja na Michael Schur. Msimu wa kwanza ni sehemu 6, na mhusika mkuu, Leslie Knope, anaonekana kama Michael Scott aliyevaa gauni. Ruka wote. Anza msimu wa pili. Hutapotea: ni ofisi ya halmashauri inayosimamia bustani na viwanja vya michezo, na yeyote aliyewahi kusubiri muhuri dirisha namba tatu ataielewa ndani ya dakika nne.

Seinfeld ndiyo ngumu kuliko zote kumpa mgeni. Ina sehemu 180, kuanzia 1989 hadi 1998, na msimu wake wa kwanza ni sehemu 5 ambazo hata mashabiki wake hawazipiganii. Usimpe mtu hizo. Mpe "The Chinese Restaurant", ya msimu wa pili, 1991. Hadithi nzima ni hii: watu watatu, Jerry Seinfeld, Elaine na George Costanza, wanasubiri meza mgahawani. Basi. Kila wakiuliza, mpokea wageni anajibu kwa upole kwamba ni dakika tano, kumi. Waliokuja nyuma yao wanakaribishwa ndani. Elaine ana njaa kiasi kwamba Jerry anaahidi kumpa dola 50 akithubutu kwenda meza ya wageni wasiomjua na kuchukua chakula kwenye sahani yao. George anamsubiri msichana, mtu wa nne wa meza hiyo, apige simu ya pale mgahawani, simu inapopigwa, yule mpokea wageni anaita "Cartwright! Cartwright!" badala ya Costanza, hakuna anayeitika, simu inakatwa. Mwishowe wanakata tamaa na kutoka. Mlango haujatulia vizuri, mpokea wageni anaita: Seinfeld, watu wanne!

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali akaenda kujisaidia, akarudi na kukuta jina lake limeshaitwa, atacheka mpaka aombe maji. Asiyecheka, usimlazimishe, Seinfeld si yake. Nyingine 179 ni za namna hiyo hiyo. Larry David, aliyeianzisha pamoja na Jerry Seinfeld, aliweka sharti ukumbini kwa waandishi: hakuna kukumbatiana, hakuna kujifunza. Ndiyo maana hakuna anayetubu, na mtu anayengojea funzo mwishoni ataondoka amenuna.

Halafu kuna lile lalamiko la vicheko vinavyosikika ndani ya kipindi. "Mbona wananichekea kabla sijacheka?" Hapa panachanganywa vitu viwili. Friends na The Big Bang Theory zilirekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa kwenye viti, kamera kadhaa zikipiga kwa pamoja, na waigizaji wanasimama kidogo kungoja kicheko kipite, kama mhubiri anavyongoja "amina". Kicheko cha kubandika ni kitu kingine. Hicho kilipata umaarufu miaka ya 1950 kwa mashine ya fundi mmoja, Charles Douglass, iliyokuwa na vicheko vya aina aina vya kubonyeza. Mfano mzuri ni M*A*S*H, vichekesho vya hospitali ya jeshi vitani: watengenezaji hawakukitaka, kituo cha CBS kikashikilia, wakakubaliana kwamba angalau chumba cha upasuaji kisiwe na kicheko. Waingereza waliirusha bila vicheko kabisa, na ukiweza kuipata hivyo, itazame hivyo. Ila usijaribu ujanja huo kwa Friends. Mitandaoni zimejaa klipu zake zilizofutwa vicheko, na kinachobaki ni watu sita waliokodoleana macho sebuleni kama wamesikia mlio wa nyoka darini. Waigizaji wanasimama kungoja kicheko ambacho hakiji. Kosa ni la aliyefuta.

Friends yenyewe, sehemu 236, 1994 hadi 2004, haina shida ya kuingilia; anza mwanzo. Shida yake ni viporo. Ukiona wamekaa kwenye kochi na mmoja anasema "mnakumbuka ile siku…", na picha za zamani zinaanza kupita, hicho ni kiporo kilichopashwa moto ili kupunguza gharama. Ruka bila huruma. Na kuhusu ugomvi wa Ross na Rachel, kama walikuwa wameachana au walikuwa wamepumzishana tu, ni jambo la kushangaza kwamba halikumalizwa kwa misimu saba. Wangeitwa wazee wawili wa mtaa na shangazi mmoja mkali, lingekwisha kabla ya chai kupoa, na Ross angetozwa faini.

How I Met Your Mother ina mlango mzuri na mwisho mchungu. Baba anawakalisha watoto wake kwenye kochi na kuwaeleza alivyokutana na mama yao. Anatumia sehemu 208. Mtoto wa kwetu akiuliza swali hilo anajibiwa "nenda kaoge", na naona kuna hekima. Ila kosa la mwisho wake linafaa kujulikana. Maneno ya watoto yanayofunga hadithi yalirekodiwa mapema, mwaka 2006, kabla hawajakua wakabadilika sura. Kwa hiyo waandishi walikuwa na mwisho wa msimu wa pili kabatini, na wahusika wakaendelea kukua miaka nane wakiuacha nyuma. Ni kama kushona suruali ya mtoto wa miaka miwili na kumvalisha siku ya kipaimara. Ushauri: tazama hadi mwisho wa msimu wa nane, pale mama anapoonekana kwa mara ya kwanza akiwa na mwavuli wake wa njano, uzime, ulale. Msimu wa tisa karibu wote ni wikendi moja ya harusi, na harusi zinazochelewa tunazo za kutosha wenyewe.

Sasa ufundi, maana vichekesho vizuri vinauawa na vitu vidogo. Maandishi ya chini yakitangulia sauti hata kwa nusu sekunde, umeshasoma utani kabla mwigizaji hajafungua mdomo, na kichekesho kimekufa. Ukitumia VLC, programu ya kutazamia video, kwenye Windows, bonyeza H: kila mbonyezo unayachelewesha maandishi kwa milisekunde 50, yaani mara 20 kwa sekunde nzima. Yakichelewa, bonyeza G. Pima kwa mlango unaofungwa kwa kishindo au mtu anayeita jina, usipime kwa mazungumzo ya haraka. Ikiwa yanakaa sawa mwanzoni na kupotea kadiri muda unavyokwenda, faili hilo limetengenezwa kwa toleo jingine la video. Tafuta jingine, usipoteze vidole.

Bando nalo. Netflix kwenye ubora wa kati hula takribani GB 0.7 kwa saa. Ukiiachia HD ni kama GB 3. Sehemu nne za dakika 22 ni karibu saa moja na nusu, yaani kama GB 1 kwa ubora wa kati. Kichekesho cha ofisini au sebuleni hakihitaji HD. Hakuna jani linalopaswa kuhesabiwa. Weka ubora wa kati, pesa inayobaki nunua karanga.

Na kama sebuleni kuna mama mkwe, kuna babu asiyejua Kiingereza na watoto wa miaka sita, acha yote niliyotaja hapo juu. Hapo ni Mr. Bean tu, yule halisi wa Rowan Atkinson, sehemu 15 tangu Januari 1, 1990, si wa katuni. Wasafiri wengi wa mabasi ya mikoani wanamfahamu kuliko madereva wao. Anza na mtihani, kwenye sehemu ya kwanza kabisa. Bean anaingia na kalamu za kufunika meza nzima, anafungua bahasha na kukuta somo ambalo hakulisoma. Muda wote uliobaki anaumaliza kwa kujaribu kuiba majibu ya jirani: anajinyoosha, anapuliza karatasi ya mwenzake, analia kimyakimya. Muda ukiisha, maneno ya msimamizi yanaonyesha kwamba bahasha ilikuwa na mitihani miwili. Bean anachungulia ndani ya bahasha. Tazama uso wake hapo, kisha geuka umtazame babu.

Filamu zinataka maneno machache zaidi. Kanuni ya namba mbili: kama hadithi ya kwanza ilisimama juu ya ajali, ya pili ni uzembe. Home Alone (1990) ina ajali iliyofumwa vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Asubuhi ya safari ya Paris wanahesabu watoto, na mtoto wa jirani, Mitch, aliyekuja kupekua mizigo, anahesabiwa mahali pa Kevin. Idadi imetimia, gari linaondoka. Walihesabu vichwa badala ya kuita majina, kosa ambalo mwalimu yeyote wa msafara wa shule hulijua. Miaka miwili baadaye wanampoteza tena, safari hii New York. Familia hiyo haihitaji filamu ya tatu, inahitaji ustawi wa jamii.

Coming to America ya 1988 itazame mara mbili, na ya 2021 usiitazame hata mara moja. Mara ya kwanza fuata stori ya Mwanamfalme Akeem wa Zamunda, yaani Eddie Murphy, anayefagia mgahawa huko Queens, New York. Mara ya pili kaa kwenye duka la kinyozi tu. Kinyozi mwenyewe ni Eddie Murphy. Yule mzee Mzungu wa Kiyahudi anayebishana naye kuhusu mabondia ni Eddie Murphy pia, chini ya vipodozi vya Rick Baker. Wengi wameitazama miaka thelathini bila kumtambua. Na majina yakianza kupanda, mshike aliyeshika rimoti, kwa sababu yule mzee bado ana stori moja. Mteja anamwambia mhudumu aonje supu. Kwani ina nini, ni ya moto? Onja. Imepoa? Onja tu. Mhudumu anachoka, haya naonja, kijiko kiko wapi?

Ahaa!