Nilinunua safaya usiku: maneno machache kwa anayetaka kutengenezesha pete ya uchumba

Jiwe la kwanza nililonunua kwa ajili ya pete ya uchumba lilikuwa la zambarau. Lilikuwa hivyo saa moja jioni, chini ya balbu ya njano, kwenye kiofisi cha dalali mmoja pale Arusha. Nililishika kwa kibano nikaligeuzageuza, likawa linawaka kama juisi ya zabibu kwenye glasi. Nikalipa. Usiku ule nililala na kile kikaratasi chake chini ya mto kama mtu aliyeficha mshahara. Asubuhi nikatoka nacho uani, nikakifungua: kijani kilichochanganyika na kijivu, rangi ya maji ya bwawa. Nikaapa nimebadilishiwa jiwe.

Sikubadilishiwa. Lilikuwa safaya ya Bonde la Mto Umba, kule Tanga karibu na mpaka wa Kenya, na baadhi ya mawe ya Umba yana chembe za metali iitwayo vanadiamu ndani yake. Mchana huwa ya kijani au kijivu, kwenye mwanga wa njano yanageuka zambarau. Wapo wanaoyasaka kwa sababu hiyo hiyo. Dalali hakunidanganya, sikumuuliza, naye hakuona sababu ya kunifungua macho. Mchumba wangu alipoliona alicheka kwanza, kisha akasema, "Mchana ni kokoto ya pwani. Na mimi si popo, kusema nitaivaa usiku tu." Miezi miwili baadaye nililiuza kwa hasara ambayo mpaka leo sijamtajia.

Kwa hiyo nikiulizwa na vijana waanzie wapi, siwaambii waanze na bei wala cheti. Wakaliangalie jiwe kwenye mwanga. Lione kivulini karibu na dirisha au barazani saa nne asubuhi, lione juani, halafu lione kwenye taa ya kawaida ya sebuleni. Taa za dukani zile ndogo kali za juu ya kioo zimewekwa kwa makusudi, hata kipande cha chupa kikikaa pale kitang'aa. Muuzaji anayekukatalia kutoka na jiwe hadi mlangoni, yeye akiwa amesimama pembeni yako, muage.

Safaya za buluu ndizo zinazoumbua watu wengi kwenye hili. Ile buluu nzito ya kifalme uliyoiona kwenye picha, ukiipeleka kwenye chumba chenye taa moja inazimika, inakuwa wino mweusi. Ukipenda buluu, chukua iliyo nyepesi kidogo kuliko unayoitamani. Pinki ni kinyume chake: rangi yake inatokana na metali ya kromiamu, na taa ya njano huiongezea uhai. Kama mwenye pete ni mtu wa shughuli za jioni, harusi na taarabu, pinki haitamwangusha.

Neno safaya lenyewe nalo lina vituko. Kamusi inasema yakuti. Ya buluu ni yakuti samawi, nyekundu ni rubi. Aliyepita madrasa amelisikia katika Surat Ar-Rahman, mahali wanawake wa peponi wanapofananishwa na yakuti na marijani. Ila ukienda kwa madalali ukaulizia yakuti samawi utaonekana umetoka kusoma kitabu. Kule ni safaya tu: safaya ya pinki, ya njano, ya kijani. Zote ni madini yale yale, korandamu, na zinatofautishwa na uchafu mdogo uliomo. Chuma na titaniamu pamoja huleta buluu, chuma peke yake njano, kromiamu pinki, na kromiamu ikikolea jiwe linaitwa rubi. Mpaka kati ya pinki iliyoiva na rubi hauna kigingi, ndiyo maana dalali mwenye pinki iliyokolea atakuapia kwamba ni rubi. Bei inabadilika hapo.

Watu wananiuliza kwa nini sikuchukua tanzanaiti, jiwe letu wenyewe. Naipenda. Lakini mke wangu ni muuguzi. Mikono yake inaoshwa mara ishirini kwa siku, inavaa glavu na kuvua glavu, inagonga reli za vitanda. Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, na vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi, madini ya mchanga, ambayo ni 7. Yaani ukiifuta kwa kitambaa chenye vumbi unaikwaruza taratibu. Safaya ni 9, juu yake ni almasi peke yake. Tanzanaiti iweke kwenye hereni au kidani, mahali pasipogongwa.

Jiwe la pili tulikwenda kulitafuta wawili. Najua vijana mnapenda sapraizi. Mfanyie sapraizi ya siku, ya mahali, ya wimbo, hata ya wajomba waliojificha nyuma ya mlango. Jiwe muache achague. Atalitazama yeye kila siku, wewe utaliona akikupa chai.

Tulikaa mezani kwa mfanyabiashara mwenye leseni, akatumwagia mawe tisa ya Tunduru kwenye karatasi nyeupe. Mimi macho yalikwenda kwenye pinki. Kulikuwa na moja la njano ambalo juu ya karatasi lilikuwa hafifu, kama maji yaliyokamuliwa ndimu, nikalisogeza pembeni. Mchumba wangu akalichukua, akalibana katikati ya vidole viwili, akageuza kiganja chini ili likae juu ya ngozi yake. Likawa asali. Ngozi yake ni nyeusi tii, na ile njano iliyokuwa imepotea kwenye weupe wa karatasi ilisimama pale kama taa ya kibatari. Akaendelea hivyo na mengine yote manane, moja moja, bila kusema neno, nami nikaanza kuelewa kwamba zile karatasi nyeupe zinamsaidia muuzaji kupanga mawe, ila mvaaji hazimwambii kitu.

Kidole kilitufichulia jambo lingine. Moja la buluu, zuri kabisa kwenye karatasi, lilipokaa juu ya kidole likaonyesha doa la kahawia katikati. Ilikuwa ngozi. Wakataji wanaita dirisha: jiwe limekatwa bapa mno kwa chini, mwanga badala ya kurudi juu unapita moja kwa moja, unaona kilichoko nyuma yake. Hufanywa hivyo ili kuokoa uzito, maana jiwe huuzwa kwa karati, na kukata vizuri kunaweza kupoteza zaidi ya nusu ya ghafi. Ukiweza kusoma herufi za gazeti kupitia katikati ya jiwe, dirisha ni kubwa. Na lililokatwa nene mno chini lina kasoro yake pia: unalipia uzito usioonekana, na pete inakaa juu kama kofia.

Ndiyo maana usinunue kwa karati peke yake. Karati moja ni gramu 0.2, na safaya ni nzito kuliko almasi, kwa hiyo ya karati moja huonekana ndogo kidogo kuliko almasi ya karati moja. Uliza milimita. Letu, lile la njano, ni la umbo la yai, milimita 7 kwa 5, karati moja na ushee. Bei hupanda kwa kuruka linapogusa karati kamili, la 0.95 linaweza kukuokolea hela na hakuna jicho litakaloona tofauti. Na njano, kijani na kijivu kwa kawaida huwa nafuu kuliko buluu safi au pinki iliyokolea. Sisi tulifaidika na hilo bila kupanga.

Sasa kuhusu kuchomwa. Waliofanya biashara ya tanzanaiti wanalijua neno hili. Safaya nyingi sokoni zimepitishwa kwenye tanuri, joto la zaidi ya nyuzi 1,000, ili rangi ikolee na ukungu uondoke. Hakuna ubaya, rangi haififii, mradi uambiwe na bei iwe ya jiwe lililochomwa. Lisilochomwa, lenye rangi nzuri, ni ghali zaidi, na hapo ndipo mdomo wa muuzaji hautoshi. Dai ripoti ya maabara ya vito.

Kuna mchomo mwingine ambao ni habari tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijaa sokoni safaya za machungwa na za rangi ya pichi zilizopendeza kupita kiasi. Ghafi nyingi zilitoka Songea na Madagaska, zikachomwa Thailand pamoja na madini yenye metali ya beriliamu, nayo ikapenya ndani na kugeuza rangi. Jiwe ni la kweli, rangi ni ya jikoni, na kulitambua kunahitaji mashine za maabara. Kwa hiyo ukioneshwa safaya ya machungwa au ya pinki inayoelekea machungwa, ile ambayo wauzaji huiita padiparadasha kwa jina lililotoka Kisinhala, lugha ya Sri Lanka, likihusu rangi ya ua la yungiyungi, usitoe hela kubwa bila ripoti. Siku hizi kila chenye wekundu wa papai kinaitwa padiparadasha.

Swali lako lisiwe tu "limechomwa?" Uliza limechomwa na nini, kisha omba jibu liandikwe kwenye risiti. Nimeona watu wakali wa maneno wakawa wapole ghafla mbele ya kalamu.

Feki nazo zipo, na si za leo. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza rubi kwa moto mwaka 1902, na safaya za kiwandani zikafuata muda si mrefu. Nyingine hugongwagongwa zikauzwa kama ghafi huko huko machimboni, kwa sababu mnunuzi akishakanyaga vumbi la shimo anaamini kila anachopewa. Chini ya lupu, ile lenzi ndogo ya kukuzia, ya mara 10, jiwe la asili huwa na sindano ndogondogo, vijiukungu, mistari ya rangi iliyonyooka au yenye pembe. La kiwandani la njia ya Verneuil mara nyingi ni safi kama maji ya kunywa, au lina mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri. Jiwe kubwa, safi, buluu tupu, kwa bei ya simu? Rudi nyumbani. Tena kununua ghafi bila leseni ni kosa kisheria Tanzania. Wewe unataka pete, nunua lililokatwa, mahali penye risiti.

Kwa sonara sitakaa sana, maana kila mtu ana fundi wa familia. Mambo mawili yalinigusa.

La kwanza ni namna jiwe linavyoshikwa. Nilichora makucha manne marefu niliyoyaona mtandaoni. Fundi, mzee wa miaka sabini hivi, aliuliza swali moja: "Mwanangu, bibi harusi anafanya kazi gani?" Nilipomjibu, akakunja karatasi yangu akaitia mfukoni. Makucha marefu yangechana glavu kila siku, na nyumbani yangenasa nyuzi za kanga. Akalizungushia jiwe ukuta mwembamba wa dhahabu, likakaa chini karibu na kidole. Alitumia dhahabu ya karati 18 (karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi, si uzito kama ya jiwe). Mama mkwe alitaka 22 ya kung'ara, ila ile ni laini, na kinachoshika jiwe kisiwe laini. Kwa jiwe la njano, dhahabu ya njano iliendana nalo. Jiwe la buluu au kijivu ningeliomba kwenye nyeupe, lakini hayo ni macho yangu.

La pili ni kosa langu. Nilipima kidole kwa uzi, asubuhi ya baridi Arusha. Pete ilivyofika Tanga kwenye joto, na mwenyewe ametoka zamu ya usiku, haikuvuka kiungo cha kidole. Siku ya kumvisha niliisukuma mbele ya mashangazi zake mpaka mmoja akasema niletewe sabuni. Pima kwa pete za kupimia za sonara, jioni, mkono ukiwa na joto.

Tukaipeleka kupanuliwa kwa fundi mwingine, kijana, karibu na kwao. Alikuwa ameshawasha moto wake na pembeni ana boraksi, ule unga mweupe wa kuungia dhahabu, nikakumbuka simu ya yule fundi mzee: safaya inavumilia moto, lakini boraksi ikiyeyuka juu yake inaila uso, inaacha ngozi ya jiwe kama kioo kilichomwagiwa tindikali. "Mwambie alitoe jiwe kwanza," alinisisitizia, "akikataa, chukua pete yako uondoke." Kijana alikataa, akasema atalifunika kwa kitambaa chenye maji. Nikachukua pete yangu, na mchumba wangu akaivaa kwenye mkufu shingoni wiki tatu nzima, mpaka nilipopata nauli ya kurudi nayo Arusha.