Kabla hujanunua dawa ya tifoidi, soma vizuri karatasi ya labo

Hapa Bukavu ukipeleka homa ya siku tatu kwenye kituo cha afya, mara nyingi unarudi na karatasi iliyoandikwa "Widal: TO 1/160" pamoja na orodha ya dawa za tifoidi. Mimi nafanya kazi ya labo, na majirani zangu wa Kadutu huniletea karatasi hizo nyumbani niwasomee. Huwa nawaambia hivi: kipimo hiki hakitafuti mdudu wa tifoidi. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki damuni muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha.

Kingamwili ni protini inayotengenezwa na seli B, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu. Ina minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi, imeungana kama panda ya manati. Ncha za ile mikono miwili ndizo zinazomshika adui, na huchagua: inayoshika surua haishiki pepopunda. Mkia kazi yake ni kuita seli nyingine zije kummeza aliyekwisha kushikwa. Zinazotangulia kutoka, IgM, hufungamana tano tano zikawa na mikono kumi. IgG huja nyuma yao, na ndizo zinazodumu.

Kipimo cha Widal, kilichoelezwa na Fernand Widal huko Ufaransa mwaka 1896, kinategemea mikono hiyo. Tunaweka tone la seramu, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, juu ya kibao cheupe, tunaongeza tone la vimelea vya tifoidi vilivyokwisha kuuawa, tunakoroga, kisha tunazungusha kibao taratibu huku tukikitazama chini ya taa. Kingamwili zikiwepo, mkono mmoja unashika kimelea hiki na wa pili unashika kingine, na mchanganyiko uliokuwa laini unaanza kukatika vipunje. TO ni jina la aina ya kingamwili inayotafutwa, na ile 1/160 maana yake seramu imezimuliwa mara 160 na vipunje bado vinaonekana.

Vipunje hivyo utaviona pia kwa mtu aliyeugua tifoidi miezi iliyopita, kwa aliyepata salmonela (jamii ya vimelea vya tifoidi) ya aina nyingine, hata wakati mwingine kwa mgonjwa wa malaria. Na aliyeanza kuugua juzi anaweza kukosa vipunje kabisa ilhali tifoidi anayo, kwa sababu mwili unahitaji kama wiki moja kutengeneza kingamwili za kutosha. Inaniuma kuona mzazi akitumia pesa ya chakula kununua sipro (antibiotiki ya tifoidi) kwa sababu ya Widal moja tu, huku malaria haijapimwa. Tena sipro zikimezwa ovyo, vimelea vinazizoea.

Kwa hiyo anza na malaria. Kipimo chake cha haraka, TDR, hutafuta protini ya kimelea chenyewe. Malaria isipoonekana na homa ikaendelea, uliza kama hospitali ina uwezo wa kuotesha damu, yaani kuona kama kimelea chenyewe kitaota, na damu hiyo itolewe kabla hujameza antibiotiki yoyote. Kama hawana, Widal irudiwe baada ya siku 7 hadi 10: namba iliyopanda mara nne ina uzito kuliko namba moja iliyosimama peke yake. Lakini tumbo likiwa gumu na linauma sana, damu ikitoka chooni, au mgonjwa akianza kuweweseka, usisubiri kipimo. Mkimbize hospitali.

Akina mama wenye VVU, hili linawahusu sana. IgG za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Ndiyo sababu kipimo cha haraka cha VVU, ambacho nacho hutafuta kingamwili, kinaweza kuonyesha VVU kwa mtoto wa chini ya miezi 18 ambaye hana virusi hata kimoja: kimeona kingamwili za mama yake. Mtoto akifikisha wiki 6 omba PCR, inayotafuta virusi vyenyewe. Wakati mnasubiri jibu, mama aendelee na dawa zake, mtoto apewe dawa za kinga alizoandikiwa, na asiachishwe ziwa.