Kufunika mzizi wa jino: mambo ya kushika mapema

Wewe unayeanza upasuaji wa fizi, kabla ya kufunika mzizi uliobaki wazi baada ya fizi kushuka, soma kwanza nafasi zilizo kati ya meno. Kama mfupa na fizi za hapo bado ni kamili, yaani daraja la I na la II katika mgawanyo wa Miller (1985) wa kushuka kwa fizi, mzizi unaweza kufunikika wote. Daraja la III hufunikika nusunusu. La IV usiliahidi. Mgonjwa ayasikie haya kabla ya ganzi. Na kama bado anasugua meno kwa nguvu, mfundishe kupiga mswaki kwanza, la sivyo fizi itashuka tena.

Kipandikizi, yaani kipande cha tishu cha kuweka juu ya mzizi, hukatwa kwenye kaakaa, kati ya chonge na gego kubwa la kwanza, angalau milimita 2 kutoka ukingo wa fizi. Unene wa milimita 1 hadi 1.5 unatosha. Kaakaa likiwa bapa, ateri iko karibu zaidi na meno, kwa hiyo usichimbe sana. Damu ikizidi, kandamiza kwa shashi, kisha shona upande wa nyuma wa jeraha, maana damu inatokea huko.

Kazi nyingi huharibikia kwenye mvutano. Ukishainua fizi, kata utando wa mfupa kwenye kitako chake kwa wembe mpya wa upasuaji wa namba 15C, kisha ilaze fizi juu ya jino bila kuishika. Inatakiwa itulie yenyewe, ikipita mpaka wa enameli na mzizi kwa milimita 1 hivi kuelekea taji. Sasa vuta mdomo wa mgonjwa. Fizi ikisogea, msuli bado unaivuta: rudi ukate tena. Usitegemee uzi uishikilie, kwa sababu uvimbe ukija uzi utaichana fizi na mzizi utachungulia upya.

Usisahau kuvua ngozi ya juu ya ncha za fizi kati ya meno. Bila hivyo fizi haina pa kushikia. Ukimaliza kushona, kandamiza kwa shashi yenye maji ya chumvi kwa dakika 5. Siku za mwanzo kipandikizi huishi kwa majimaji yanayopenya kutoka tishu za jirani, na bonge la damu likikaa chini yake kitakufa.

Mgonjwa asipige mswaki hapo kwa wiki 2. Asukutue kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya 0.12% asubuhi na jioni, na sigara aache kabisa. Mkanye hasa kuinua mdomo ili ajitazame kwenye kioo. Nyuzi zitoe siku ya 14.