Si ujinga, ni nani aliyeileta habari

Ndugu, umeuliza kama ni ujinga tu unaofanya watu waamini uongo wa mtandaoni kuhusu siasa. Sidhani. Kumbuka Kenya 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8: zilizagaa video bandia zenye nembo za BBC na CNN, zikidai Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, anaongoza kura za maoni. Mashirika yenyewe yakazikanusha. Lakini kanusho huja limechelewa, na video kama hiyo umeletewa na shemeji kwenye grupu la WhatsApp la familia. Utambishia shemeji? (Mimi sithubutu.) Tena kila kambi ina grupu lake: huku wanashangilia, kule wanasema vyombo vya nje vimenunuliwa, na hawakutani popote kuulizana.