"Priceless" si bei chee: hiyo "-less" siyo "less" unayoifikiria

Mkuu uliyeuliza kwa nini "priceless" ni kitu cha thamani kubwa wakati "price" ni bei na "less" ni pungufu, swali lako ni la msingi kabisa. Nafundisha Kiingereza sekondari na hapo wanafunzi wengi hukwama. Mmoja wa kidato cha pili aliandika kwenye insha kwamba mama yake alimnunulia viatu "priceless" mnadani, akimaanisha vya bei chee. Alitumia akili: aliunganisha maneno mawili aliyoyajua.

Shida ni kwamba hayo ni maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana sura. "Less" ya upungufu ilitokana na "læs" ya Kiingereza cha Kale. Kiambishi "-less" kilitokana na "lēas", neno lililosimama lenyewe kwa maana ya kukosa au kutokuwa na kitu. Lina undugu na "loose", yaani -liolegea, na Wajerumani mpaka leo humwita asiye na ajira "arbeitslos". Kwa hiyo "homeless" hana makazi kabisa, siyo kwamba ana makazi madogo. Na "priceless" haina bei kwa sababu hakuna bei inayoifikia. Shakespeare alishalitumia kwa maana hiyo mwaka 1594, kwenye shairi lake la Lucrece.

Mimi linalonivutia zaidi ni "ruthless". "Ruth" ilikuwa nomino ya kawaida, maana yake huruma. Leo husikii mtu akiitumia, lakini asiye na huruma bado anaitwa "ruthless". "Reckless" ni hivyo hivyo, imebeba neno la zamani la kujali. Ndiyo maana ukiyakata maneno haya katikati, kipande cha mbele hukielewi.

Ila "unless" usiitie humo. Ile ina "less" ya upungufu kweli, imetoka kwenye "on less than", yaani kwa sharti pungufu kuliko hili. "Nevertheless" pia.

Darasani naanza na "bila" kama tafsiri ya "-less", kisha nawapa "tireless" na "countless" wahangaike nazo kidogo. Hapo "bila" haikai vizuri, inabidi ukanushe kitenzi: asiyechoka, zisizohesabika. Anayezipata hizo mbili, "priceless" haimsumbui tena.