Nusu ya nyutroni imetoka wapi?

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Nairobi. Jedwali la elementi kwenye kitabu chake linaonyesha klorini ikiwa na 17 na 35.5. Alipotoa 17 kutoka 35.5 akapata nyutroni 18.5, jibu likakatwa. Je, nyutroni hugawanyika? — Mzazi, Kayole

JIBU: Mzazi mpendwa, nyutroni haigawanyiki katika hesabu hii, na binti yako alijua kutoa, shida ni kwamba 35.5 si nambari ya masi. Nambari ya masi ni jumla ya protoni na nyutroni katika kiini cha atomu moja, na kwa kuwa chembe hizo huhesabiwa nzimanzima, haiwezi kamwe kuwa na desimali. Hiyo 35.5 ni wastani.

Klorini ya asili, iwe ile iliyomo katika chumvi ya mezani au ile inayotiwa katika maji ya mfereji, ni mchanganyiko wa isotopu mbili, yaani atomu za elementi ileile zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni: moja ina nambari ya masi 35, yaani nyutroni 18, na nyingine 37, yaani nyutroni 20. Katika kila atomu nne, takriban tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Mwambie ajumlishe 35, 35, 35 na 37, apate 142, kisha agawanye kwa 4, ile 35.5 itajitokeza mbele ya macho yake.

Zote mbili ni klorini kwa sababu zina protoni 17, na hiyo ndiyo nambari ya atomu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito wa somo lote. Agoni, ambayo ni gesi isiyotenda, ina masi ya wastani 39.95 na potasiamu 39.10, hivyo tungezipanga kwa masi, potasiamu ingetangulia na kuangukia kundi la gesi zisizotenda, ilhali humenyuka vikali hata na maji. Mwaka 1913 mwanafizikia Mwingereza Henry Moseley, akipima eksirei za elementi, alionyesha kwamba mpangilio sahihi hufuata nambari ya atomu.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mitihani hulipenda: nambari ya atomu asiihesabu kwa elektroni. Ioni ya kloridi, yaani atomu ya klorini iliyopokea elektroni moja zaidi, ina elektroni 18, lakini protoni zake zimebaki 17. Na akiulizwa idadi ya nyutroni, aitafute kwanza nambari ya masi ya isotopu iliyotajwa katika swali, ndipo atoe.