Radoni: nyumba ya jirani si nyumba yako

Dada, umeuliza kama jirani yako hapo Iowa, Marekani, akipima radoni (gesi yenye mionzi inayoweza kuleta saratani ya mapafu) na kukuta kiwango chake ni kidogo, wewe nawe uko salama. Hapana. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu gesi hii hutoka kwenye urani, madini yenye mionzi yaliyomo ardhini, na kupenya kwenye nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Haina harufu wala rangi. Kaunti zote 99 za Iowa zimewekwa katika kundi la hatari kubwa zaidi, kwa hiyo pima tu, hasa kama watoto wanalala besimenti (chumba cha chini ya ardhi).

Nunua kipimo cha siku chache. Funga madirisha na milango ya nje kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, na uendelee hivyo hadi mwisho (kuingia na kutoka kama kawaida hakuna shida). Kiweke ghorofa ya chini kabisa mnayoishi, mbali na jiko na bafu, kisha ukitume maabara upesi.

Ukipata pikokuri 4 (kizio cha mionzi) kwa lita ya hewa au zaidi, rudia kupima. Matokeo yakithibitika, fundi huweka bomba na feni ya kuvuta hewa ya chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Kama mmepanga nyumba hiyo, mwandikie mwenye nyumba leo.